Jinsi ya kusoma picha za kale za maziwa na ujenzi wa mabwawa ya umwagiliaji

Ukipewa picha ya kale ya bwawa, maandishi yaliyo nyuma yake yasome mwisho. Anza na maji, fuata na mawe, kisha vivuli, kisha karatasi au kioo kilichobeba picha. Ukishayaona hayo ndipo ugeuze usome kilichoandikwa, ukipime kwa ulichokwisha kukiona. Picha hizi zilichapwa upya mara nyingi na kuuzwa kama postikadi miaka kumi au zaidi baada ya kupigwa. Aliyeandika "Aswan 1902" huenda ameandika mwaka bwawa lilipofunguliwa, wala hakujua picha ilipigwa lini.

Kazi hii ina faida kubwa. Sehemu nyingi duniani vipimo rasmi vya maji vilianza kuchukuliwa muda mrefu baada ya kamera kufika, kwa hiyo picha moja iliyosomwa vizuri inaweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee ya kimo cha maji mwaka fulani. Mifano mingi hapa imetoka Aswan nchini Misri na bwawa la Roosevelt huko Arizona, Marekani, kwa kuwa yote mawili yalijengwa kwa ajili ya umwagiliaji, yakapigwa picha hatua kwa hatua, na tarehe zake zinajulikana.

Kwanza jua umeshika nini

Bamba la kioo lina upande unaong'aa, ambao ni kioo kitupu, na upande uliofifia, ambao una tabaka la jelatini lenye picha. Lishike kwa kingo, kwa mikono miwili, ukiwa umevaa glavu za nitrili. Glavu za pamba huteleza na nyuzi zake hunasa kwenye jelatini iliyobanduka. Mabamba yasirundikwe yakiwa yamelala, maana la chini hupasuka kwa uzito. Yasimamishe kwa ubavu mrefu, kila moja ndani ya bahasha yake ya karatasi isiyo na asidi. Vumbi liondoe kwa kipulizio cha mpira na brashi laini. Usipitishe kitambaa chenye maji upande wa jelatini, kwa sababu ukilowa huvimba na picha hutoka na kitambaa.

Negativu laini ya plastiki, yaani filamu ambayo mwanga na giza vimegeuzwa, inahitaji tahadhari zaidi. Filamu ya nitrati ilitumika tangu 1889 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ikiharibika hugeuka njano, hunata, na hutoa harufu kali ya asidi. Inashika moto upesi, na ikishaanza kuwaka hujitengenezea oksijeni yenyewe, hivyo kuifunika hakuizimi. Itenge na nyingine, iweke mahali pa baridi penye hewa, na usiiweke kabisa juu ya skana inayotoa joto. Yenye harufu ya siki ni ya asetati, aina nyingine ya filamu. Hiyo haina hatari ya moto namna ile, lakini hunywea na kujikunja, kwa hiyo iskani mapema.

Kwa picha za karatasi, rangi yenyewe inakupa muda. Karatasi nyembamba sana iliyogundishwa kwenye kadi, yenye rangi ya kahawia inayoelekea zambarau na sehemu nyeupe zilizogeuka manjano, ni ya yai, yaani albumini, na mara nyingi ni ya kabla ya 1900. Nyeusi na nyeupe yenye mng'ao wa fedha kwenye kingo za sehemu nyeusi ni jelatini, na ndiyo iliyotawala karne ya 20. Ya buluu tupu usiitupe ukidhani imeharibika: wahandisi walichapa nakala zao za kazi kwa njia hiyo kwa kuwa ilikuwa rahisi, na mara nyingi pembeni kuna namba ya negativu ambayo nakala nzuri ya kuuza haina.

Postikadi ina alama yake. Ikiwa upande wa anwani haujagawanywa kwa mstari katikati, ni ya mtindo wa zamani. Uingereza iliruhusu mgawanyo huo 1902, Marekani Machi 1907. Muhuri wa posta unakueleza kwamba picha haikupigwa baada ya tarehe ile. Ilipigwa muda gani kabla yake, muhuri hausemi.

Kuskani

Picha ya karatasi iskani kwa nukta 600 kwa inchi. Bamba la inchi 5 kwa 7 linataka 1200, kwenye skana yenye taa kwenye mfuniko, kijivu cha biti 16. Utapata pikseli 6000 kwa 8400 na faili la TIFF la takriban megabaiti 100. Ukubwa huo una kazi: namba zilizopakwa kwenye mwamba, ngazi za kipimio cha maji na majina ya mitambo hayaonekani kwenye faili la simu. Inua bamba kidogo juu ya kioo cha skana kwa vipande vya kadi pembeni. Likigusa moja kwa moja, utapata miduara kwenye skani au kukwaruza jelatini. Rekebisha mwanga kwenye nakala, na faili la kwanza libaki kama lilivyotoka.

Ziwa la asili au bwawa lililojazwa?

Ziwa la siku nyingi lina ufuko uliopangwa na mawimbi: changarawe juu, mchanga chini, kisha mafunjo na matete kwenye ghuba tulivu. Bwawa jipya halina hayo. Maji yanakata mteremko ghafla, miti inasimama ndani ya maji ikiwa imekauka huku matawi yake madogo bado yapo, na ghuba zake ni nyembamba na ndefu kwa sababu zilikuwa mabonde ya vijito. Matawi madogo yakiwa yameanguka na kubaki magogo matupu, basi miaka kadhaa imepita. Mkanda mweupe mwambani juu ya maji unaonyesha kwamba maji yaliwahi kufika pale na sasa yameshuka, jambo la kawaida kwa bwawa la umwagiliaji kila mwaka. Anayetunza albamu za Kilimanjaro na Manyara atazikuta dalili hizi kwenye picha za Nyumba ya Mungu, bwawa la mto Pangani lililojengwa miaka ya 1960.

Uso wa maji ulio laini kama maziwa usikudanganye kwamba siku ilikuwa tulivu. Lenzi ilipofunguliwa kwa sekunde moja au zaidi, mawimbi yalijifuta yenyewe. Na mbingu nyeupe tupu haina maana ya kiangazi. Mabamba ya zamani yalihisi mno rangi ya buluu, mbingu ikaungua ikawa nyeupe, na udongo mwekundu ukatoka mweusi. Mtu asiyelijua hili huuona udongo huo kama tope lililolowa na kuandika "baada ya mvua".

Kufuata hatua za ujenzi

Ujenzi una mpangilio usiorukwa, na kila hatua huacha vitu vyake kwenye picha. Mwanzoni ni mahema, fito za kupimia na barabara mpya. Halafu kambi, karakana, reli ndogo na mtambo wa saruji. Mto huchepushwa kwa kuta za muda au handaki, msingi huchimbwa hadi mwamba, ndipo waashi waanze kupanda. Kreni na nyaya za kubebea mizigo angani huondolewa mwishoni kabisa. Zikionekana bado zimetandazwa juu ya bonde, kazi haijaisha, hata kama maji yamejaa nyuma ya ukuta.

Chukua Roosevelt. Sheria ya umwagiliaji ya Marekani ilipitishwa 17 Juni 1902, na idara iliyoundwa kuitekeleza ilikuwa na mpiga picha wake, Walter Lubken, aliyezunguka kwenye miradi ya magharibi akibeba mabamba ya kioo. Pale mto Salt unapokutana na kijito cha Tonto, kazi ya awali ilikuwa barabara, kiwanda cha saruji cha papo hapo, na mfereji wa kilomita 30 hivi wa kuzalisha umeme wa ujenzi. Novemba 1905 mafuriko yalisomba vifaa. Jiwe la kwanza la ukuta liliwekwa 20 Septemba 1906, la mwisho 5 Februari 1911, na Theodore Roosevelt mwenyewe akauzindua 18 Machi 1911.

Kwa tarehe hizo unaweza kubana picha vizuri. Bonde likiwa na mto mtupu, barabara na kambi bila jiwe hata moja ukutani, ni kabla ya mwishoni mwa 1906. Ukuta ukiwa na upande mmoja juu na mwingine chini, usidhani umebomoka: sehemu iliachwa chini makusudi ili mafuriko yapite juu yake bila kuharibu kazi. Nyumba za mji wa kwanza wa Roosevelt zikionekana bondeni, maji bado hayajapanda, kwa maana mji ule ulizama. Maji yakimwagika kwenye utoro, ile njia ya maji ya ziada iliyochongwa mwambani pande zote mbili, ni Aprili 1915 au baadaye, kwa sababu hapo ndipo lilipojaa mara ya kwanza.

Ukuta ule ulikuwa na kimo cha mita 85, unene wa mita 56 chini na karibu mita 5 juu. Kumbuka umbo hilo unapotafuta upande. Upande wa maji ukuta wa mawe unakaribia kusimama wima, na upande wa chini ya mto unalala na kutanuka. Roosevelt una upinde pia, na tumbo la upinde linaelekea kwenye maji.

Mstari wa maji: mfano wa Aswan

Bwawa la kwanza la Aswan ni somo bora zaidi ninalolijua, kwa sababu liliinuliwa mara mbili na karibu yake kuna jengo ambalo kila mtalii alilipiga picha. Jiwe la msingi liliwekwa 12 Februari 1899, na bwawa likafunguliwa 10 Desemba 1902. Maji yalihifadhiwa hadi mita 106 juu ya usawa wa bahari. Uinuaji wa 1907 hadi 1912 uliyapandisha hadi 113, na wa 1929 hadi 1933 hadi 121. Kisiwa cha Philae, kilichokuwa na hekalu la Isis, kiko upande wa juu wa ukuta, ndani ya eneo la maji.

Kwa hiyo hekalu lenyewe ni kipimio. Maji yakiwa uani na mashua zikipita kati ya nguzo, uko kati ya 1902 na 1912. Yakiwa yamepanda sana kwenye nguzo, ni baada ya 1912. Vilele vya minara ya lango peke yake vikiwa juu ya maji, ni baada ya 1933. Ukiona ukuta wa vyuma umezunguka kisiwa, ni miaka ya 1970, hekalu lilipokuwa likitolewa jiwe kwa jiwe kupelekwa kisiwa cha Agilkia, ambako lilifunguliwa 1980.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaona Philae kavu na kuandika "kabla ya 1902". Lakini bwawa hili halikushika maji mwaka mzima. Lilikuwa na milango 180, na mafuriko ya Nile yalipofika Julai milango yote iliachwa wazi ili tope lipite lisijaze bwawa. Maji yalianza kuzuiwa mafuriko yakishapungua, kuanzia Novemba. Yalijaa majira ya baridi, kisha yakatolewa kuelekea kiangazi kumwagilia pamba wakati mto umepungua. Maana yake ni kwamba kila mwaka hekalu lilikauka kwa miezi kadhaa. Ili kutofautisha, vuta karibu kuta na nguzo utafute mkanda wa doa la maji, mstari mnyoofu unaokata michoro kwa kimo kilekile jengo zima. Mkanda ukiwepo na ardhi ikiwa kavu, picha ni ya baada ya 1902, kati ya Julai na Novemba. Ukikosekana kwenye faili zuri, ndipo unaweza kusema kabla.

Kalenda hiyohiyo inasaidia kwenye picha za ujenzi. Waashi wakiwa chini kwenye mwamba mkavu wa mto, mwezi hauwezi kuwa Agosti wala Septemba.

Kupima kimo cha maji kwa pikseli

Tafuta kitu chenye kimo kinachojulikana, kilicho umbali uleule na mstari wa maji. Milango 140 ya chini ya Aswan ilikuwa na kimo cha mita 7 na upana wa mita 2, ile 40 ya juu mita 3.5 kwa 2. Tuseme mlango wa mita 7 kwenye skani yako una pikseli 420. Hiyo ni pikseli 60 kwa kila mita. Mstari wa maji ukiwa pikseli 150 chini ya kingo ya juu ya mlango, maji yako mita 2.5 chini ya kingo hiyo. Pima milango mitatu iliyo karibu na katikati ya picha, uchukue wastani, na uandike tofauti kati ya vipimo kama kiasi cha shaka.

Vitu vitatu huharibu hesabu hii. Kamera iliyoinamishwa hufanya mistari ya wima ikaribiane juu, na kipimo cha pembeni kikatofautiana na cha katikati. Mtu aliyesimama karibu na kamera akitumiwa kama kipimo cha ukuta ulio mita 200 nyuma yake, jibu litakuwa mbali mno na ukweli. Na kosa kubwa kuliko yote ni kupima maji ya upande wa chini ya mto na kuyaita kimo cha bwawa. Kabla ya kupima, hakikisha uko upande gani wa ukuta. Kama hakuna mlango wala jengo, reli husaidia: ile ya Uganda ilikuwa na upana wa milimita 1000 kati ya vyuma.

Vivuli

Aswan iko latitudo 24 Kaskazini. Adhuhuri ya Desemba jua liko nyuzi 42 hivi juu ya upeo, na mtu wa mita 1.7 anatoa kivuli cha mita 1.85 kuelekea kaskazini. Adhuhuri ya Juni kivuli chake karibu hakionekani. Kwa hiyo kivuli kifupi sana ni dalili ya kiangazi. Kivuli kirefu hakithibitishi baridi, kinaweza kuwa cha asubuhi au jioni tu. Jinja nchini Uganda, karibu kabisa na ikweta, tazama upande kivuli kinakoangukia: adhuhuri ya Juni kinalala kusini, ya Desemba kinalala kaskazini.

Hakikisha picha haijageuzwa

Bamba likichapwa au kuskaniwa kwa upande usio wake, kushoto huwa kulia, na mto unaonekana kutiririka kinyume. Angalia maandishi kwenye mitambo na mabehewa. Kama hayapo, tazama vifungo vya koti: koti la kiume hufunga upande wa kushoto juu ya wa kulia. Wapiga picha wengi walikwaruza namba kwenye jelatini kwa maandishi yaliyogeuzwa ili isomeke ikichapwa, kwa hiyo namba inayosomeka vizuri ni ushahidi kwamba upande ni sahihi.

Ziwa Victoria

Kwa maziwa ya kwetu hakuna kuta za kupima, lakini kuna tarehe imara. Vipimo vya kimo cha ziwa vilianza 1896. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, wakati huo pakiitwa Port Florence. Maporomoko ya Ripon, mahali Nile ilipotokea ziwani, yalizama baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa Aprili 1954, kwa hiyo picha yoyote yenye mawe na maji meupe ya Ripon ni ya kabla ya hapo. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Magati, miti ya ufukweni na mashamba yaliyozama kwenye picha za miaka hiyo yanatokana na mvua ya 1961, na si haki kulilaumu bwawa pekee. Kwenye Ziwa Tanganyika, meli ya Liemba ni alama nzuri: ilizamishwa 1916 ikiitwa Graf von Götzen, ikaibuliwa 1924, na ikaanza kazi kwa jina la Liemba 1927.

Kupiga tena kutoka mahali palepale

Chapa nakala ya picha, chagua vitu viwili vilivyo mbele na viwili vilivyo nyuma, na sogea kushoto au kulia hadi vipangane kama vilivyo pichani. Kisha songa mbele au nyuma hadi uwiano wa nafasi kati yao ulingane. Hapo umepata aliposimama mpiga picha. Lenzi hubadilisha ukubwa tu, mahali ni miguu yako. Kwa picha ya inchi 5 kwa 7, anza na lenzi ya milimita 40 hadi 50 kwenye kamera ya fremu nzima.

Roosevelt ya leo haitalingana: kati ya 1989 na 1996 ukuta uliinuliwa kwa mita 23 na mawe yote yakafunikwa kwa zege, kwa hiyo tumia vilima na wala si ukuta. Philae ina mtego mbaya zaidi. Hekalu linapangana vizuri na picha ya kale, lakini vilima vya nyuma havipangani, kwa sababu umesimama Agilkia.

Kuandika kumbukumbu

Andika maneno ya asili kama yalivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia, kisha mstari wako chini yake. Tarehe iwe kipindi chenye sababu: "kati ya Des 1902 na 1912, majira ya baridi, maji yako uani mwa hekalu". Taja upande wa ukuta, mwelekeo wa kamera, namba ya negativu, vipimo na kiasi cha shaka. Nyuma ya karatasi tumia penseli laini, kwa kuwa wino hupenya. Kwa uhifadhi wa pwani, Mombasa au Dar es Salaam, unyevu ndio adui. Ukuvu huota ukipita asilimia 65, kwa hiyo weka masanduku yenye silika jeli na kipima unyevu, ulenge asilimia 30 hadi 40 kwa mabamba ya kioo, na ubadilishe silika inapobadilika rangi. Picha zilizopigwa na watumishi wa serikali kuu ya Marekani wakiwa kazini, zikiwemo za Lubken, hazina hakimiliki nchini humo. Za studio binafsi na za familia, tafuta ruhusa ya maandishi kabla ya kuchapisha, na uiweke ruhusa hiyo kwenye folda moja na faili la TIFF.